Mbegu Kwenye Pindo la Kaniki

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, ndugu wasomaji, na nyinyi vijana mliokuja na daftari jioni hii, nawasalimu wote.

Nimeombwa nizungumzie ile riwaya ya Vita vya Maji Maji iliyoandikwa na mtu wa kwetu. Wengi mmeshaisoma. Najua pia kwamba wengi mmekuja kusikia ikisifiwa, na mimi mwenyewe nilitamani sana niwe nimesimama hapa kuisifu. Niliinunua wiki ile ile ilipofika, nikaisoma usiku wa kwanza na wa pili, na nilipofunika ukurasa wa mwisho nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kimeniumiza kile kitabu, na si kwa namna ambayo vita vile vinapaswa kumuumiza msomaji.

Jina la kitabu na la mwandishi sitayataja. Mnamjua. Naye anajua kwamba leo nasema, kwa sababu nilimpigia simu nikamweleza karibu yote mtakayoyasikia. Ni mdogo wangu kwa umri, na mama zetu wameteka maji kisima kimoja. Aliniambia, "Dada, sema." Basi nasema.

Mjue kwanza nilikuwa nangojea nini. Nilianza kazi nikifundisha Historia shule ya msingi, na kila mwaka tulipofika kwenye Maji Maji nilifanya lile lile: nikaandika ubaoni chanzo cha vita, sababu za kushindwa, matokeo. Watoto wakanakili. Vita dhidi ya Wajerumani vilivyoanzia kwetu, kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905, vikawa nukta sita za kukariri, sawa kwa mtoto wa Nandete na kwa mtoto wa Moshi. Baadaye nilihamia sekondari kufundisha Kiswahili, na hamu yangu ikazidi. Nilitaka riwaya. Ubao unaniambia watu walichoka kulimishwa pamba. Nilitaka kitabu kinioneshe mtu mmoja, asubuhi moja, na jembe lake.

Wataalamu wamefanya kazi yao, na ni kazi kubwa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilituma wanafunzi vijijini wakakusanye kauli za wazee walioviona vita vile au waliosimuliwa na walioviona. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alizunguka huku kwetu akiandika maneno yao. Wazee wale wote wamekwisha. Tuliobaki ni sisi tuliosimuliwa na waliosimuliwa. Sasa anapotokea mtoto wa hapa hapa, mwenye Kimatumbi mdomoni, aliyelala kitanda kimoja na bibi yake akimsikiliza gizani, akasema anaandika riwaya ya Maji Maji, unaelewa kwa nini niliisubiri kama mtu anayesubiri mgeni wa mbali.

Nianze na pamba.

Katika riwaya hii, sura ya nne, wanakijiji wanaingia usiku kwenye shamba la pamba la jumbe, mkuu wa kijiji chini ya Wajerumani. Mwandishi anasema waling'oa shamba zima "kama upepo wa kusi", kwa hasira, na kulipopambazuka hapakubaki hata mche mmoja. Aya moja, imekwisha. Tunahamia kwenye hotuba ya shujaa.

Ndugu zangu, mimi nimewahi kung'oa pamba. Ajira yangu ya kwanza ilikuwa Shinyanga, na kule ni sharti la kilimo kwamba baada ya mavuno mkulima ang'oe mashina yote ya pamba na kuyachoma, wadudu wasivuke msimu. Nilipanga nyumba kwa familia ya wakulima, na siku ya kung'oa nilikwenda shambani kuwasaidia. Shina la pamba wakati huo ni kavu na gumu kama mti. Mzizi wake mkuu umezama chini moja kwa moja, na udongo wa kiangazi umeushika. Unainama, unalishika shina karibu kabisa na ardhi, unalivuta, halitoki. Unalitikisa kushoto na kulia, unalivuta tena, linakuchubua viganja, ndipo linatoka ghafla na wewe karibu unakwenda chali. Baada ya safu moja viganja vyangu vilikuwa na malengelenge. Mama mwenye nyumba alinifunga vitambaa akaniambia niende nikapike.

Sasa sikilizeni kilichotokea Nandete, kwa mujibu wa kauli za wazee wetu zilizoandikwa. Watu wawili, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, waliingia shambani wakang'oa mashina matatu. Matatu tu. Hawakuhitaji zaidi, kwa sababu walichokusudia kilikuwa kuchokoza vita. Habari ikapelekwa Kibata kwa akida, ofisa wa Wajerumani aliyekuwa juu ya majumbe, na vita vikawa vimeanza.

Mashina matatu! Mwandishi gani anapewa zawadi kama hiyo akaitupa, akachukua upepo wa kusi badala yake? Ebu waoneni wale watu wawili. Mwisho wa Julai, kiangazi. Wanajua adhabu ya akida ni nini. Kila mtu alijua hamsa ishirini, viboko 25 mgongoni, na safari hii haitaishia kwenye viboko. Wa kwanza anainama. Shina la kwanza linagoma. Je, walisemezana kitu? Walicheka? Mmoja alimtazama mwenzake kabla ya la pili? Kung'oa shamba zima usiku, katika kundi, kwa hasira, kunahitaji ujasiri, sikatai. Lakini mashina matatu, bila haraka, ukijua unachokifanya na nani atakuja kwa sababu hiyo, ni ujasiri wa namna nyingine kabisa, na ndio uliokuwa wetu. Nilimuuliza mwandishi kama alijua habari ya mashina matatu. Alijua. Alisema aliona ni machache mno kwa mwanzo wa vita vikubwa.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kilichokiharibu kitabu.

Yapo makosa madogo, nitayapitia haraka. Mhusika anataja "Tanganyika" mwaka 1905, ilhali nchi hii ilipewa jina hilo na Waingereza mwaka 1920. Mtu analipa kodi kwa shilingi, wakati pesa ya siku zile ilikuwa rupia, na heller, sarafu ndogo za Wajerumani, zilikuwa ndiyo kwanza zimeanza kuonekana. Haya mhariri angeyarekebisha kwa kalamu nyekundu mchana mmoja. Sikuja hapa kwa ajili ya shilingi.

Kilichoniuma ni kwamba watu wa kitabu kile wanajua mno. Kijana wa miaka 19 aliyezaliwa bondeni, ambaye hajawahi kuvuka Rufiji, anasimama mbele ya moto na kusema tunapigania umoja na uhuru wa taifa letu. Bibi kizee anaeleza ubaya wa ubeberu. Mpaka mtoto mchungaji ana msimamo. Nikawa nasoma huku nasikia sauti ya darasa langu. Kwa sababu hivyo ndivyo tulivyowafundisha watoto kusoma, mimi nikiwa mmoja wa waliofundisha: tafuta dhamira, tafuta ujumbe, tafuta falsafa ya mwandishi, panga nukta, pata alama. Na mwandishi anayetamani kitabu chake kiteuliwe kusomwa shuleni anajua mtihani utauliza nini. Basi anaanza na dhamira, kisha anatafuta watu wa kuibeba. Mhusika akishatua mzigo wake wa ujumbe hana kazi tena, anauawa katika sura inayofuata. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu nimesahihisha maelfu ya insha za fani na maudhui, na sasa nimeona riwaya nzima iliyoandikwa ili isahihishwe.

Watu wa 1905 hawakujua kwamba wako kwenye mada. Walijua pamba ya jumbe inawanyima siku za kulima mtama wao. Walijua kodi. Walijua kwamba malipo ya kazi ile ni kidogo kiasi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea. Na walijua, kwa minong'ono, kwamba kule Ngarambe yuko mtu, Kinjikitile, anayegawa maji ya dawa ya kugeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Minong'ono ile ilikuwa na jina lake, njwiywila. Mwandishi anatoka kwenye lugha hiyo na neno hilo halimo katika kitabu chake. Mtu alimwambia jirani yake sirini, jirani akafunga safari, akarudi na chupa ya maji yale. Huo ndio ulikuwa mwendo wa ile habari kwa mwaka mzima kabla ya vita. Tungeweza kupata sura tano za watu wanaonong'ona, sura tamu kuliko hotuba zote alizoziandika.

Nikija kwa Kinjikitile mwenyewe, hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Katika riwaya, Kinjikitile anaongoza mapambano mpaka sura ya mwisho. Anakufa akiwa amesimama juu ya jiwe, jua linazama. Historia inasema alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Vita vilikuwa na siku chache tu tangu vianze. Inasimuliwa alisema kifo chake hakina maana, kwa kuwa dawa yake imeshafika Kilosa na Mahenge.

Wako watakaoniambia, mwalimu, riwaya si kitabu cha historia, mtunzi ana haki ya kubadilisha. Anayo. Ebrahim Hussein, katika tamthilia yake, alimtengeneza Kinjeketile wake mwaka 1969 kwa mahitaji ya jukwaa, na hatujamlaumu, kwa sababu mtu yule wa jukwaani ana shaka moyoni. Anaogopa neno lililotoka kinywani mwake, na sisi tunaogopa pamoja naye. Alibadilisha akatupa kitu. Ndugu yetu amebadilisha akatunyang'anya. Kwa sababu swali kubwa kuliko yote ya vita vile limo ndani ya tarehe ile ya 4 Agosti: mwenye dawa amekufa, na watu wakaendelea. Kwa nini?

Tarehe 30 Agosti, siku 26 baada ya kunyongwa kwake, maelfu ya wapiganaji waliiendea boma ya Mahenge, na ndani ya boma kulikuwa na bombomu, bunduki za rashasha. Waliofuata nyuma waliwaona wa mbele wakianguka. Risasi hazikuwa maji. Usiku ule, waliorudi hai walisema nini? Dawa ile ilikuwa na miiko: mpiganaji asilale na mwanamke, asipore mali. Basi fikirini kijana ambaye kaka yake ameanguka, naye usiku wa jana alimwona kaka yake akitoka kwenye nyumba ya mkewe. Atamlaumu nani? Dawa, kaka, au shemeji yake anayelia uani? Riwaya ingeweza kuishi ndani ya kichwa cha kijana huyo kurasa mia. Katika kitabu hiki, shaka haipo. Anayeanguka anaanguka akipiga kelele ya ushindi, na anayebaki hana swali. Hawa ni babu zetu, si sanamu. Ukimnyima mtu shaka umemnyima na imani yake pia, maana hatuioni ikimgharimu chochote.

Kuna jambo jingine ambalo najua litawakera baadhi ya wazee, nao wanisamehe. Katika riwaya adui ana rangi moja. Kila anayechoma nyumba ni Mjerumani. Lakini bibi yangu mzaa mama, ambaye mama yake alikuwa msichana wakati wa vita, hakusimulia hivyo. Wazungu walikuwa wachache sana. Waliobeba bunduki na mienge walikuwa askari, Wasudani na watu wa makabila ya bara na pwani, pamoja na ruga-ruga, wapiganaji wa kukodiwa. Mama yake bibi alimkumbuka askari mmoja aliyeingia uani kwao. Aliwaamrisha watoke, na aliwaamrisha kwa Kiswahili.

Nilipokuwa msichana sikulitilia maanani. Leo halinitoki. Kiswahili hiki ninachowahutubia, kilichoandikiwa riwaya hii, kilifika kwenye vilima vile kikiwa mdomoni mwa akida na askari. Ndicho kilichodai kodi. Na hapo hapo, neno lililowaunganisha watu wa zaidi ya makabila 20, kuanzia Umatumbi hadi Ungoni, nchi ya Wangoni, lilikuwa neno la Kiswahili: maji. Lugha moja imebeba amri ya kuchoma ghala na kilio cha walioinuka. Mwandishi anayeandika kwa Kiswahili, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kimatumbi, alikuwa amekaa juu ya mgodi. Angeweza kutuonesha mama asiyeelewa anachoamrishwa. Angeweza kutuonesha kijana anayejua Kiswahili cha pwani, akalazimika kuchagua atafsiri nini na afiche nini. Badala yake, katika kitabu wote wanasema Kiswahili kimoja, safi, cha redioni, kuanzia Ngarambe hadi kwa gavana von Götzen.

Ungoni kwenyewe amekupitia kama anayekimbilia basi. Omari Kinjala anafika na maji, Nkomanile, chifu mwanamke wa Wangoni, anatajwa mara moja, kisha tuko Songea, Februari 1906, na machifu wananyongwa. Yote katika kurasa 11. Sitasema zaidi, watu wa Ruvuma wana haki ya kulisema wenyewe.

Sasa nifike kwenye kile kilichonifanya nikubali kuja kuzungumza, badala ya kukiweka kitabu kabatini na kunyamaza.

Ukurasa wa 163. Wajerumani wameamua kwamba vita vitamalizwa na njaa. Hili ni la kweli: walichoma vijiji, ghala na mashamba, wakabeba mifugo, na njaa ikaua kuliko risasi. Wakoloni wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Gwassa alifikia kati ya 250,000 na 300,000. Mwandishi anatupa tarakimu hizo, tena kupitia kinywa cha mhusika, ambaye hakuwa na namna ya kuzijua. Lakini kabla ya tarakimu kuna mistari minne. Mwanamke anakimbia na kijiji kizima kuingia msituni. Nyuma moshi. Anasimama, anafungua pindo la kaniki yake, anatazama, anafunga tena. Ndani kuna konzi moja ya mbegu za mtama. Mtoto aliye mgongoni analia njaa, na mwanamke anaendelea kutembea bila kuzigusa.

Niliposoma hapo nilishuka kitandani, nikatembea chumbani. Nilisema, huyu hapa! Kumbe anaweza. Maana kila kitu kimo: moto, njaa, hesabu ya mama kwamba akimlisha mtoto leo hawatapanda mvua zikija, na pia kwamba mtoto huenda asifike kwenye mvua hizo. Hakuna aliyehutubia. Hakuna aliyetaja taifa. Nikafungua ukurasa uliofuata nimtafute. Hakuwemo. Nikasoma hadi mwisho, kurasa 90 na zaidi, nikimngoja yule mama atokee tena msituni, akichimba ming'oko, akipigana na nafsi yake kila jioni juu ya lile pindo. Hakurudi. Hana hata jina.

Ndiyo sababu nimevunjika moyo, na nataka mnielewe vizuri. Kitabu kibaya cha mtu asiye na kipaji hakivunji moyo, unakifunga, unakisahau. Huyu ana sikio na ana jicho. Amethibitisha hilo kwa mistari minne, kisha akaona haitoshi kwa vita vikubwa, kama alivyoona mashina matatu hayatoshi.

Na sisi tunaompigia makofi kila mahali, kwenye uzinduzi, kwenye vikundi vya simu, "hongera mwanetu, umetuheshimisha," tumemsaidia nini? Hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari ya yule mama. Nilipompigia, ndilo lililokuwa swali langu la mwisho. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akaniambia yule ni mama yake bibi yake. Kisa chote anacho: zile mbegu zilipandwa, alijua zilipandwa wapi, na yule mtoto wa mgongoni ilikuwaje. Alikuwa ameandika sura nzima. Aliiondoa, alisema, kwa sababu haikuwa na ujumbe.

Nilimwomba anitumie hiyo sura. Ilifika juzi, karatasi 22 zilizopigwa chapa, nyingine zina madoa ya chai. Nimekuja nayo, na ameniruhusu. Kwa hiyo kama mna subira ya nusu saa nyingine, wale wa nyuma wasogee mbele, maana sauti yangu haifiki mbali, nami nitawasomea kuanzia pale anapofungua pindo.